Mliofanyiwa upasuaji wa leza kwa saratani ya koo, tupeane uzoefu

Habari zenu wapendwa. Ni miezi 14 sasa tangu nifanyiwe upasuaji wa leza kwenye uzi mmoja wa sauti, hapa Nairobi. Saratani iligunduliwa mapema. Daktari alipitisha vyombo mdomoni, shingo haina hata mkwaruzo, na kesho yake nilikuwa nyumbani Umoja. Maumivu yaliisha upesi. Sauti ndiyo haikurudi ilivyokuwa. Nilimpigia mama, akauliza, "Wewe ni nani, na simu ya mwanangu umeitoa wapi?" Akakata. Nililia siku hiyo. Wenzangu mnaishije?

Makanga, Githurai
Pole sana ndugu yangu. Mimi kazi yangu ni mdomo, na sauti sasa inatoka upepo mtupu. Na dereva tunaelewana kwa kugonga bodi, ila kuita abiria ndiyo siwezi, nimemwachia kijana mmoja wa stendi na mapato tunagawana. Abiria wengine wakinisikia hudhani nimeamka na pombe. Hilo linauma kuliko kidonda chenyewe. Sigara niliacha siku ile ile ya majibu.

Mama wa wawili, Kayole
Ya mzee wangu ilikuwa juu ya nyuzi za sauti, kwa hiyo yeye sauti anayo, shida ni kumeza. Uji mzito unapita, lakini chai na maji vinakimbilia njia ya hewa. Alifundishwa kuvuta pumzi aizuie, ameze, akohoe kidogo, kisha ameze tena kabla ya kupumua. Kwa miezi mingi alikataa kula mbele za watu, hata harusi ya binti yetu alikaa na sahani imefunikwa. Jumapili iliyopita alimaliza kikombe kizima cha chai. Nilikuwa nimesimama mlangoni nahesabu kila funda, machozi yananitoka.

Mwalimu wa msingi
Miezi saba nilitibiwa "koo" kwa antibiotiki katika kliniki moja ya mtaani, hakuna aliyeniangalia ndani. Tafadhali, sauti ikikwaruza zaidi ya wiki tatu, dai kuangaliwa kwa kamera. Nilipewa kuchagua leza au mionzi. Nilichukua leza kwa sababu saratani ikirudi, mionzi bado iko akiba. Usiku wa kuamkia kila kipimo cha kamera silali, na mke wangu halali.

Ndugu wa Umoja, usinong'one, kunong'ona kunachosha nyuzi. Mimi nafundisha na kipaza sauti kidogo cha kiunoni, kama cha wahubiri wa mtaani. Watoto wa nyuma wanasikia.

Aliyeanzisha mada
Mwalimu, hicho kipaza sauti ulinunua wapi? Chaji inakaa siku nzima?

Mwalimu wa msingi
Luthuli Avenue. Ikifika saa nane mchana inaanza kufifia, kwa hiyo masomo ya kuongea sana nayaweka asubuhi. Ukifika dukani kijaribu kwa sauti yako mwenyewe, usikubali muuzaji akujaribie kwa yake.