NFS Most Wanted (2005): Heat 4 na 5 nadakwa kila mara, natokaje?

Mwanjelwa_Kati (Mbeya)

Wakuu heshima kwenu. Naomba msaada kwa wanaoijua gemu ya mbio za magari ya Need for Speed Most Wanted (NFS) ile ya 2005, siyo ya 2012. Nipo kwa Ronnie, namba 3 kwenye Blacklist (orodha ya wapinzani wa kuwashinda). Mbio zote nimemaliza, zimebaki milestone (malengo ya kutimiza) mbili za polisi: gharama kwa serikali, yaani hasara ninayosababisha nikikimbizwa, na idadi ya vizuizi vya kupita.

Gari ni Lotus Elise, imefungwa vifaa vyote vinavyouzwa mpaka sasa. Heat (kiwango cha ukali wa polisi) ikiwa 3 natoka bila presha. Ikigonga 4 au 5 kuna mambo matatu yananimaliza: miiba ya kutoboa matairi, yale ma-SUV ya polisi yanayokuja uso kwa uso, na Cooldown (muda wa kutoonekana mpaka polisi wakate tamaa) ambayo haifiki hata nusu, wananiona tena. Gari tayari ina strike (alama za kukamatwa) mbili kati ya tatu. Nachezea laptopu, kibodi ya kawaida. Natanguliza shukrani.

---

Uyole_Njiapanda (Mbeya)

Mkuu, kwanza hiyo Elise iache nyumbani. Strike ya tatu ikijaa inaenda yadi ya polisi, na faini haiwezi kuitoa tena. Utahitaji ile zawadi ya kukombolea gari inayopatikana kwa kumshinda mtu wa Blacklist. Toa gari lingine. Heat inakaa kwenye gari, haikai kwako: gari jipya linaanzia chini kabisa, na wakati unalitumia hilo, Heat ya Elise inapungua yenyewe. Kama huna subira, nenda dukani ubadilishe rangi, rimu, bodi au michoro. Duka linakuonyesha kila kitu kinashusha Heat kwa kiasi gani kabla hujalipa. Rangi ni rahisi, anzia hapo.

Pili, zitenganishe hizo milestone. Vizuizi vifanyie kazi na gari lenye Heat ndogo, kwa sababu huko chini kizuizi ni magari tu yaliyopangwa barabarani, hakuna miiba. Gharama kwa serikali ndiyo ipelekwe Heat ya juu, maana kule magari ni mengi na kila unachovunja kina bei kubwa. Ukizilazimisha zote kwenye mkimbizano mmoja na polisi, Heat inapanda huku unahesabu vizuizi, mwisho unadakwa na vyote vinapotea. Milestone na Bounty (pointi za kusumbua polisi) vinaandikwa ukishatoroka tu. Ukikamatwa, hesabu ya mkimbizano huo inafutwa.

Sasa miiba. Kizuizi chenye miiba huacha uwazi unaokuita kabisa, halafu miiba imetandazwa palepale. Kwa hiyo kwenye Heat ya juu uwazi ndiyo uogope, gari ndiyo uligonge. Ligonge upande wa nyuma, kwenye buti, kwa sababu mbele kuna injini na uzito uko huko. Ukipiga buti gari linazunguka linakupisha. Bonyeza Speedbreaker sekunde chache kabla ya kugonga. Watu wanadhani kazi yake ni kupunguza mwendo wa picha tu ili ukate kona, kumbe ikiwa imewaka gari lako linakuwa zito zaidi, unapenya pale ambapo kawaida ungekwama. Na redio ya polisi usiizime: wanatangaza kizuizi na miiba kabla hujaviona.

---

Ipogolo_Chini (Iringa)

Naongezea kwenye SUV. Elise ni gari jepesi, na hilo ndilo tatizo lako kubwa. Rhino, ndiyo hiyo SUV ya polisi, linakujia kama semi linaloshuka Mlima Nyoka. Ukigongana nalo uso kwa uso unasimama kabisa, na kusimama ndiko kunakokukamatisha.

Hapa naomba nisisitize, maana wengi hawalioni. Kwenye gemu hii gari halifi. Vioo vitapasuka, bodi itakwaruzika, lakini injini haipungui nguvu hata ukigonga ukuta mara hamsini. Vinavyokumaliza ni viwili: matairi kutobolewa, na mstari wa BUSTED (umekamatwa) kujaa. Mstari huo unajaa ukiwa umesimama au unatambaa huku askari wako karibu. Kwa hiyo ukizungukwa usibaki umekanyaga mafuta kusukuma gari la mbele. Rudi nyuma kwa nguvu, tafuta pembe, toka. Hata mwendo mdogo unaurudisha mstari.

Kwa SUV: usianze kukwepa mapema, kwa sababu nalo linageuza usukani kukufuata. Shikilia njia yako, lisogee, kisha Speedbreaker na uhame ghafla upande mmoja. Likikukosa linachukua muda kugeuka, wewe umeshaenda. Yakija mawili sambamba, usipite katikati. Toka kwa nje, hata kwenye majani. Naitro (kiongeza kasi) itunze kwa ajili ya kuondoka baada ya hapo, si kuyafuata. Inajijaza yenyewe ukiwa kwenye kasi, hivyo hakuna haja ya kuibania sana.

Kwa kazi ya gharama kwa serikali chukua gari lenye mwili, Mustang GT kwa mfano. Utapoteza kidogo kwenye kona, lakini halirushwi ovyo.

---

Kabwe_Pedi2 (Mbeya)

Mnamchosha bure. Aende kituo cha mabasi, apande juu ya mabasi yaliyopaki, atulie. Polisi hawawezi kumfikia, wanazunguka chini, Bounty inapanda yenyewe huku anakunywa chai.

---

Ipogolo_Chini (Iringa)

Hiyo janja ipo, lakini soma swali. Bounty hajasema inampungukia. Ukiwa juu ya basi unapita kizuizi gani? Na kadiri mbio zinavyorefuka ndivyo Heat inavyopanda, kwa hiyo ukishuka unawakuta wakali zaidi ya uliowaacha. Inafaa kwa milestone ya muda wa kukimbizwa, hapo nakubali.

---

Uyole_Njiapanda (Mbeya)

Narudi kwenye Cooldown, maana ndipo mleta mada anapopotezea kila kitu.

Kosa la wengi ni kuvunja Pursuit Breaker (vitu vya kuwaangushia polisi) mwanzoni. Zile pembetatu kwenye ramani ndogo (donati kubwa, tangi la maji, kituo cha mafuta na nyinginezo) ukishaivunja moja haipo tena mpaka mkimbizano uishe. Iliyo karibu na sehemu yako ya kujificha ihifadhi kwa mwisho. Ukiigonga, askari wawe nyuma yako kwa urefu wa gari moja au mawili. Wakiwa mbali inaanguka bure, unaongeza gharama tu, nao wanapita pembeni.

Ikiwaangukia, usikimbie moja kwa moja kwenye barabara kuu. Kule unaonekana toka mbali, na doria nyingine inakuja mbele yako. Kata kona mbili au tatu za mitaani mpaka mstari wa EVADE (kutoroka) ujae. Cooldown ikianza ndipo sehemu za kujificha zinatokea kwenye ramani. Ukiingia ndani yake na kusimama, Cooldown inakwenda haraka. Ukibaki nje ukizungukazunguka inakwenda polepole, na Heat ikiwa juu inachukua muda mrefu zaidi. Wewe unaonwa tena kwa sababu unaendelea kutembea.

Kwa hiyo kabla hujaanza kukimbizwa, chagua mtaa mmoja wenye Pursuit Breaker na maficho karibu. Pita hapo mara kadhaa bila polisi mpaka uijue njia vizuri. Milestone ikikamilika, usiongeze tamaa ya Bounty. Rudi kwenye mtaa huo umalize kazi.

Kuhusu helikopta: ikiwa juu yako Cooldown haianzi hata kama magari yote umeyaacha. Pita chini ya madaraja na kwenye mahandaki, au ivumilie tu; mafuta yake yanaisha na inaondoka.

---

Mwanjelwa_Kati (Mbeya)

Asanteni sana wakuu, nimepata mwanga. Swali dogo: kwenye kona kali gari linayumba sana, na nikishika mafuta, usukani na naitro kwa pamoja, muda mwingine kitufe kimoja hakijibu. Ni laptopu yangu au?

---

Kabwe_Pedi2 (Mbeya)

Ni kibodi. Nyingi za kawaida hazisomi baadhi ya vitufe vitatu vikibonyezwa kwa wakati mmoja. Ingia kwenye mipangilio ya gemu, hamishia naitro na Speedbreaker kwenye vitufe vingine, jaribu mpaka upate mchanganyiko unaopokelewa. Na usukani usiushikilie, gusagusa. Kibodi haijui nusu, ukishika ni kona yote.

Pedi ya USB ni bora. Zile za bei rahisi za umbo la PS2 zina kitufe cha ANALOG katikati: taa yake lazima iwake, la sivyo kile kijiti kinafanya kazi kama mishale na gari litayumba vilevile. Pedi ya Xbox 360 nayo inakubali, ila gemu inasoma vitufe vya nyuma vya pedi, vya mafuta na breki, kama mhimili mmoja, kwa hiyo huwezi kuvikanyaga pamoja. Hamishia breki kwenye kitufe cha kawaida.

Halafu umeme wenyewe unaujua. Gemu inajihifadhi mbio zikishaisha, siyo katikati, kwa hiyo betri ikiwa imechoka usianze Heat 5. Na nakili folda ya NFS Most Wanted iliyo ndani ya Documents uiweke kwenye flashi kabla ya kwenda kwa Ronnie. Faili la jina lako, lenye maendeleo yako, limo humo.