Wauza baiskeli wa Moshi, kazeni nati kabla ya kutuuzia! Mtaua watoto wa watu

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu kidogo lakini naomba usomwe mpaka mwisho, hasa na wenye maduka, maana najua mmo humu.

Mpwa wangu anauza maziwa. Anayachukua Kibosho alfajiri na kushuka nayo mjini, dumu limefungwa kwenye karia. Baiskeli yake ya zamani ilishachoka, familia tukachangishana akanunuliwa mpya, ya gia, kwenye duka moja hapa hapa mjini. Mpya kabisa, fremu bado ina nailoni. Mwezi haujaisha, krenki ya kushoto, ule mkono wa chuma unaoshika pedeli, imechomoka akiwa kwenye mteremko. Anayeijua njia ile anajua mtu anashukaje: umejiinua kwenye siti, uzito wote uko kwenye pedeli, vidole kwenye breki. Ghafla mguu wa kushoto hauna pa kukanyaga. Kavunjika mfupa wa bega, meno ya mbele yametoka, maziwa yote chini. Namshukuru Mungu hakukuwa na Hiace nyuma yake.

Nikairudisha dukani. Jibu nililopewa: "Mzee, hiyo ni mizigo. Hapa imetoka nzima, ya barabarani si yetu."

Imetoka nzima! Dumu moja la maziwa, lita 20, ndiyo mizigo? Karia wameifunga wao wenyewe, ya nini sasa kama haibebi kitu?

Nimesimama pale kibarazani nikaangalia wanavyofanya kazi. Baiskeli zinakuja kwenye maboksi, nusu zimefungwa, nusu bado. Vijana wanaziunga harakaharaka huku mteja anasubiri, na zana zao ni spana malaya, ile ya kupanua na kubana mdomo, na nyundo. Sasa nisikilizeni vizuri. Nati ya krenki kwenye baiskeli hizi imezama ndani ya tundu. Spana malaya haiingii mle! Inatakiwa spana ya boksi, mara nyingi namba 14, yenye mpini mrefu, na uikaze kwa nguvu kweli kweli. Kijana aliizungusha kwa vidole mpaka ikagota, akabandika kile kifuniko cheusi cha plastiki juu yake, akasukuma baiskeli kwa mteja. Nani ataona kilichoko chini ya kifuniko?

Na kinachoniuma zaidi ni hiki. Kabla ya ajali ile krenki ilishaanza kugonga, ko, ko, kila akikanyaga. Dogo hakupuuza. Aliirudisha pale pale aliponunua. Wakachukua kipande cha kopo la soda, wakakichomeka katikati, wakapiga nyundo, wakamwambia nenda kijana, imepona. Kopo la soda! Kwenye sehemu inayobeba uzito wa mtu mzima akishuka mlima!

Kwa wasioelewa ubaya wa hilo: ekseli ya krenki ina kichwa cha pembe nne na tundu la krenki lina pembe nne. Nati ikikazwa sawasawa inaivuta krenki ipande kwenye kile kichwa mpaka vishikane visicheze hata chembe. Nati ikilegea, kila unapokanyaga zile pembe zinasagana. Chuma cha krenki kinalika, tundu linapanuka na kupoteza umbo lake. Likishafika hapo hata ukaze na trekta haitashika, dawa ni krenki nyingine tu. Kwa hiyo wale wa "si angeikaza tu mwenyewe", hapana. Ililegea toka dukani, ikajila yenyewe, na waliopaswa kuibadilisha wakaweka kopo.

Baada ya pale niliipeleka kwa fundi wangu wa baiskeli aliyeko mtaani Majengo, mzee anayejua kazi, tukaifungua yote. Gololi za tairi la mbele ni kavu, grisi imepakwa kama ya kuonyeshea. Mpira wa breki ya nyuma umelegea, umeteremka unasugua tairi badala ya ringi. Na pedeli ya kushoto imelazimishwa ikaingia upande, njia za skrubu kwenye krenki zimeharibika. Fundi anayeuza baiskeli hajui kwamba pedeli ya kushoto inakazwa kinyume? Upande wa kulia unakaza kama nati ya kawaida, upande wa kushoto unazungusha kuelekea kushoto. Ilitengenezwa hivyo ili isijifungue unavyoendesha, na herufi L na R zimepigwa kwenye vyuma vyake. Kusoma herufi nako kunahitaji chuo?

Wanunuzi na sisi kuna jambo tujue. Baiskeli mpya hulegea mwanzoni, hata iliyofungwa vizuri. Spoku zinajipanga, waya za breki zinavutika, nati zinakaa. Ukishaiendesha wiki chache irudishe kwa fundi ikazwe yote, kisha iwe desturi, na masika yakiisha ifunguliwe ipigwe grisi upya kwa sababu maji na tope huiosha. Ya kila siku huhitaji fundi. Inua mbele, iachie ianguke kidogo, sikiliza kama kuna kinachogonga. Shika tairi ulisukume kushoto na kulia. Shika krenki ufanye hivyo hivyo. Bana breki ya mbele uisukume baiskeli mbele na nyuma, ukisikia kitu kinacheza pale kwenye usukani, usipande. Baba yangu alikuwa na Phoenix, na kimkoba cha spana hakikutoka nyuma ya siti.

Lakini hilo lisiwe kichaka cha muuzaji kujifichia. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamdai muuzaji bidhaa inayofaa kwa kazi yake. Ipo na Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, na kumlinda mlaji ni kazi yake. Barua yangu naiandika wiki hii. Krenki iliyolika ninayo, kopo ninalo, risiti ninayo. Nataka gharama za hospitali na baiskeli nyingine iliyokazwa na fundi nitakayemchagua mimi.

NYONGEZA: Kuna mkuu amenijibu kwamba "baiskeli za bei hii ndivyo zilivyo." Mkuu, kukaza nati hakuongezi bei. Ni spana moja ya boksi na dakika chache za kijana ambaye tayari mnamlipa.

Kama krenki au pedeli imekuchomokea kwenye baiskeli mpya, Moshi au Arusha, weka picha ya lile tundu hapa chini na useme ilikuwa imetumika muda gani. Jina la duka usiandike hapa, nitumie PM. Nataka barua iende na ushahidi wa watu wengi.