Tupeane uzoefu: vikopo vya pipi vya mezani mlivyotengeneza na watoto sikukuu

Mama Pacha: Sikukuu hiyo inakuja na wanangu wameshanijazia roli tupu za tishu na trei za mayai chini ya kitanda, wanataka kila mgeni akute kikopo chake cha pipi mezani. Mwaka jana tulikunja koni za karatasi, hazikusimama hata moja, pipi zote chini. Wenzangu mlifanyaje?

Mkunja Manila: Kata roli ya tishu upate pete, koni ikae humo.

Baba T: Umenikumbusha mbali. Binti yangu alikuwa na miaka 6, tunabandika masikio ya paka kwenye vikopo, natumia ile bunduki ya gundi ya moto, mlango ukagongwa nikainuka dakika moja tu nikasikia yowe ambalo mpaka leo nikikumbuka nasisimka, gundi imemganda kidole gumba na mimi kwa kupagawa nikaibandua, ikaja na ngozi. Muuguzi akanieleza ningeweka kidole kwenye maji ya bomba yanayotiririka dakika 20, gundi niiache hapohapo. Jioni akaweka mezani kikopo chake chenye sikio moja, hakutaka mtu akiguse.

Nuru: Dah. Pole kaka, nimeshika kidole changu nikisoma.

Shangazi Mkali: Pole, ila bunduki ya gundi na mtoto wa miaka 6 wapi na wapi?

Baba T: Dada nimesema niliinuka dakika moja.

Shangazi Mkali: Ndiyo hiyo dakika.

Kaka Mkubwa: Si kuna za joto la chini jamani.

Mkunja Manila: Hata hizo zinafika kama nyuzi 120, maji yanachemka kwa 100. Gundi nyeupe inatosha, bana na vibanio vya nguo mpaka ikauke.

Nuru: Sisi uji wa unga tu.

Kaka Mkubwa: Uji unaita mende!

Bibi wa Wanne: Vumbi la kumeremeta la mapambo msipake ndani ya vikopo, linaingia kwenye pipi. Na wakiwepo wa chini ya miaka 4 msiweke karanga wala pipi ngumu, zinakaba.

Mama Pacha: Asante bibi. Baba T, mtoto anaendeleaje sasa?

Baba T: Ana miaka 9, kovu lipo. Mwaka huu kaomba tutengeneze tena, ila kasema mlango ukigongwa afungue mama.