Naomba ushauri: mume kabadilisha kitasa, talaka bado

Habari zenu wakuu. Mimi na mume wangu tumetengana, talaka hakuna. Nyumba ipo Buswelu, Mwanza. Tulijenga wote ila kiwanja kina jina lake. Kabadilisha kitasa, na vyeti vya watoto pamoja na cherehani yangu (ndiyo inayonilisha) vimo ndani. Mwenyekiti wa mtaa alimwita, akajibu tu "aliondoka mwenyewe". Baraza la kata limetupangia tarehe, lakini majirani wananiambia dalali ameshaonekana pale. Najua kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinakataza kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenza.

Je, nikienda na mwenyekiti na fundi tukafungua, anaweza kunishtaki kwa kuingia kwa jinai? Na zuio la kiwanja naliweka wapi, wakati hati anayo yeye?