Naomba ushauri: mdogo wangu amewekwa bendi ya nne, tukate rufaa?

Hamjambo ndugu zangu. Mdogo wangu ameitwa chuo kikuu na tumefurahi sana, lakini karo inatunyima usingizi. Kwa mpango wa ufadhili wa vyuo vikuu Kenya ulioanza 2023, familia zimepangwa katika bendi tano kulingana na mapato. Sisi tumewekwa ya nne: serikali inatoa asilimia 40, mkopo wa HELB (bodi ya mikopo ya elimu ya juu) asilimia 30, na asilimia 30 inayobaki ni yetu. Bendi ya kwanza wao hulipa asilimia 5 tu.

Baba ana miwa upande wa Mumias, na mnajua malipo ya miwa yanavyochelewa. Mama anauza omena sokoni. Risiti hana, hati ya mshahara hana. Sasa hali kama hiyo mtu anaithibitishaje? Barua ya chifu inatosha, ama kuna karatasi nyingine wanayotaka?

Baba naye anaogopa mkopo wenyewe. Riba ni asilimia 4 kwa mwaka, nafuu kabisa ukilinganisha na benki, lakini ukishindwa kulipa faini ni shilingi 5,000 kila mwezi, na vijana wangapi hapa Kisumu wana digrii na bado wanaendesha boda? Anataka kijana aende chuo cha ufundi. Mimi naona ni haki yake asomee ualimu alioupenda tangu utotoni.

Waliowahi kukata rufaa ya bendi wakafaulu, mlifanyaje? Na basari ya NG-CDF (mfuko wa maendeleo wa eneo bunge) huwa inakubaliwa pamoja na mkopo?