Binti yangu kakosolewa "furaha" na "njaa", eti nomino dhahania lazima ianze na U!

Wakuu, habari za jioni. Nina hasira tangu jana na leo nasema.

Nakagua daftari la binti yangu wa darasa la 6. Zoezi la Kiswahili, kuchagua nomino dhahania, yaani majina ya mambo yasiyoonekana wala kushikika. Kaandika furaha, kapigwa kosa. Njaa, kosa. Hekima, kosa. Pembeni kwa wino mwekundu: "Nomino dhahania huanza na U." Chini yake kaandikiwa majibu sahihi ayanakili mara tano: uzee, uzuri, UFAGIO.

Ufagio! Wa chelewa, uko nyuma ya mlango wangu wa jikoni, naushika kila alfajiri. Mtoto kaniangalia, kaniuliza, "Mama, kwani njaa inashikika?" Nilikosa la kumjibu kwa uchungu.

Asubuhi nikaenda shuleni, kwa adabu zote. Mwalimu akanitolea kijitabu cha mazoezi, akafungua kurasa za majibu za nyuma. "Mama, si unaona? Ufagio umetokana na fagia, ukawekewa U."

Ndiyo, umetokana na fagia, kama ufunguo ulivyotokana na fungua. Lakini kuzaliwa na kitenzi hakukifanyi kitu kiwe dhahania! Dhahania ni jambo lisiloonekana wala kushikika, unalijua kwa akili au unalihisi moyoni. Ukuta, uzi, uso na ugali vyote vina U. Ulezi wa mtoto umetokana na lea, huo ni dhahania. Ulezi anaopikiwa uji kabla ya kwenda shule ni nafaka, iko kwenye kopo kabatini. Neno linaandikwa vilevile, U ileile. Sasa hiyo U imemsaidia nini mtoto?

Tena watoto hao hao kila asubuhi wanasimama mstarini kuimba wimbo wa taifa. Hekima, umoja na amani. Maneno matatu, yote dhahania, lenye U ni moja tu, nalo limeundwa kutokana na moja, neno la kuhesabia. Kwa kanuni ya kijitabu kile, hekima na amani zimekuwa nini?

Kinachoniuma zaidi ni kwamba somo lenyewe ni tamu. Mtoto anakuwa utoto, zuri linakuwa uzuri, jamaa akatupa ujamaa. Azimio la Arusha la 1967 liliuweka ujamaa pamoja na kujitegemea, na kujitegemea kumeanza na KU. Ukija kwenye vitenzi ndiyo raha yenyewe: jenga inatoa ujenzi, andika inatoa uandishi, endelea inatoa maendeleo. Iba inatoa wizi, maana U ikikutana na irabu mara nyingi hugeuka W, ndiyo maana tuna wema na woga. Penda peke yake inatoa upendo, mapenzi na upendeleo, na hakuna mzazi atakayekubali mapenzi na upendeleo viwe kitu kimoja.

Binti yangu aliwahi kuuliza darasani kwa nini linda inatoa ulinzi lakini shinda inatoa ushindi, wala si ushinzi. Akaambiwa, "Shika hivyo hivyo." Mtoto wa darasa la 6 kasikia mwenyewe kwamba D imegeuka Z huku, kule imebaki, anaambiwa ashike hivyo hivyo! Hilo lilikuwa swali la kusimamisha kipindi, liandikwe ubaoni, darasa zima litafute maneno mengine ya namna hiyo.

Simlaumu mwalimu peke yake, darasa limejaa na kijitabu ndicho alichonacho. Aliyekiandika na aliyekipitisha ndio nataka wajibu. Na alama za mwanangu zirudishwe, zote tatu.

Wazazi wa darasa la 6, fungueni madaftari usiku huu. Ukikuta kosa kwenye njaa, furaha au amani, piga picha uweke hapa hapa. Jumatatu narudi kwa mwalimu mkuu, na sitaki kwenda na daftari moja.