Mbwa aina ya golden retriever na joto la Dar, ataweza?

mdau_tegeta: Wakuu, watoto wamenibana wanataka golden retriever, nimepata kadogo ka miezi miwili ila joto la huku si mnalijua. Nikimnyoa si atapata nafuu?

kopakabana: Usimnyoe mkuu! Manyoya yake ni tabaka mbili, la juu linamkinga na jua, la ndani unalipunguza kwa kumchana na brashi, ukinyoa yanaweza yasiote vizuri tena. Mtembeze alfajiri au usiku, mchana akae kivulini na maji, na lami ya saa nane hapana kabisa, nyayo zitaungua.

Mama Jay: Chanjo ya pavo (virusi vinavyoharisha na kutapisha mbwa) usiicheleweshe, na ya kichaa cha mbwa akifika miezi mitatu. Halafu kupe jamani, kila jioni mcheki ndani ya masikio na katikati ya vidole, ndo wanakojificha.

bwax: Kama unategemea ulinzi sahau 😂 hao walizalishwa Uskoti waokote ndege waliopigwa risasi, mwizi akija ataletewa ndala

mdau_tegeta: Hahaha mlinzi yupo. Ugali dagaa anakula?

Mama Jay: Anakula sana tu, ndo maana umpimie, wananenepa chap. Vitunguu usimwekee, ni sumu kwake.